Kusoma Lugha na Utamaduni wa Urusi Chuo Kikuu: Mwongozo kwa Aliyekulia Katika Kiswahili

Sentensi moja inatosha kuonyesha mwanafunzi wetu anaanzia wapi. Tukisema “Kitabu kile kikubwa kimepotea”, sauti ya ki- inajirudia mara nne, na kila mara iko mwanzoni mwa neno. Mrusi anasema jambo hilohilo kwa maneno Та большая книга потерялась, yaani “ta bolshaya kniga poteryalas”, na humo sauti ya a inajirudia katika maneno yote manne, ila safari hii iko mwishoni au karibu kabisa na mwisho. Lugha zote mbili zinadai upatanisho. Moja inaubeba kichwani, nyingine inaubeba mkiani. Nilipitia mwaka wa maandalizi katika mji wa Voronezh, nikaendelea na shahada ya filolojia, yaani taaluma ya lugha na fasihi, hukohuko, na kwa miaka kadhaa sasa nafundisha Kirusi kwa vijana wa Afrika Mashariki. Wanaofaulu mapema ni wale wanaolizoeza sikio kusubiri mwisho wa neno. Mwongozo huu unafuata njia hiyo tangu siku ya kuamua hadi siku ya kurudi na cheti.

Hatua ya kwanza: amua unataka Kirusi kwa kazi gani

Wengi wanaokwenda Urusi hujifunza Kirusi ili wasome udaktari, uhandisi au kilimo, na kwao lugha ni mlango tu wa kuingilia. Wewe unayetaka kusoma lugha na utamaduni wenyewe, lugha ndiyo nyumba, na inafaa ujue mapema ni chumba kipi unakitaka. Katika orodha ya fani inayotumiwa na vyuo vya Urusi, filolojia imepewa namba 45.03.01 kwa shahada ya kwanza. Humo utasoma historia ya lugha, sarufi na fasihi kwa undani. Isimu, yenye namba 45.03.02, mara nyingi huelekea kwenye ukalimani na tafsiri. Masomo ya maeneo ya dunia, namba 41.03.01, huchanganya lugha na historia, uchumi na siasa. Ndani ya filolojia kuna pia mwelekeo wa kufundisha Kirusi kama lugha ya kigeni, ambao Warusi huuita kwa kifupi RKI, na ninaamini ndio unaomfaa zaidi mtu anayetaka kurudi nyumbani kuwa mwalimu, kwa sababu unafundishwa lugha na wakati huohuo unafundishwa namna ya kuifundisha.

Namba hizi ziandike pembeni. Fomu za maombi huzitaka, na mtu asiyezijua huishia kuchagua fani kwa kufananisha majina.

Kuhusu vyuo, yapo majina matatu ambayo kila mwombaji wa fani hii anapaswa kuyajua. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow kilianzishwa mwaka 1960 mahsusi kwa vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini; mwaka 1961 kikapewa jina la Patrice Lumumba baada ya kuuawa kwake, jina hilo likaondolewa mwaka 1992 na kurejeshwa mwaka 2023. Taasisi ya Pushkin, iliyoko pia Moscow, ilianzishwa mwaka 1966 na kazi yake kubwa ni Kirusi kwa wageni. Chuo Kikuu cha Serikali cha St. Petersburg kina filolojia ya zamani na yenye heshima kubwa. Hata hivyo sioni sababu ya kila mtu kukimbilia Moscow. Katika miji kama Voronezh, Kazan au Tomsk maisha ni nafuu zaidi, na kwa kuwa ni nadra kukutana na mtu atakayekujibu kwa Kiingereza, utalazimika kuzungumza Kirusi sokoni, kwenye basi na bwenini, na ulazima huo ni mwalimu asiyelipwa.

Hatua ya pili: anza ukiwa nyumbani, angalau miezi sita kabla

Alfabeti ya Kirusi ina herufi 33: irabu 10, konsonanti 21, na alama mbili zisizo na sauti yake yenyewe. Kuisoma katika maandishi ya chapa ni kazi ya wiki moja au mbili. Kinachowakwamisha wanafunzi ni mwandiko wa mkono, kwa sababu mwalimu wa Kirusi huandika ubaoni kwa herufi zilizounganishwa, na katika mwandiko huo т hufanana na m ya kwetu, д hufanana na g, и hufanana na u, na п hufanana na n. Neno тут (“tut”), lenye maana ya “hapa”, likiandikwa kwa mkono huonekana kama “mym”. Nunua daftari la mistari, chagua maneno 10 kila siku, na uyaandike kwa mwandiko huo tangu siku ya kwanza. Usijizoeze kuandika Kirusi kwa herufi za chapa, wala usiendelee kwa muda mrefu kuandika matamshi kwa herufi zetu kama ninavyofanya hapa kwa faida ya msomaji mgeni, kwani zoea hilo ni gumu kuliacha.

Jambo la pili la kuanzia nyumbani ni mkazo. Kiswahili kinatupa raha kubwa: mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na basi. Katika Kirusi mkazo unaweza kuwa popote, hauandikwi katika vitabu vya kawaida, na ukiuhamisha unabadilisha neno. Замок (“zamok”) ukikaziwa mwanzoni ni ngome. Ukikaziwa mwishoni ni kufuli. Плачу (“plachu”) ikikaziwa mwishoni ni “nalipa”, ikikaziwa mwanzoni ni “nalia”, na mwanafunzi anayesimama kwenye foleni ya dukani akisema kwa mkazo wa Kiswahili anamwambia mwuzaji kwamba analia. Zaidi ya hayo, irabu o isiyokaziwa husikika kama a, hivyo молоко, maziwa, huandikwa “moloko” lakini husomwa “malako”. Kwa hiyo neno jipya lisiingie katika daftari lako bila alama ya mkazo juu yake. Tovuti ya Gramota.ru ina kamusi za Kirusi zinazoonyesha mkazo, na ni bure.

Jambo la tatu ni konsonanti laini. Tunayo tayari mfano wake mdomoni: sauti ya ny katika “nyanya” iko jirani sana na н laini ya Kirusi. Kazi ni kuueneza ulaini huo kwa t, d, l, s na nyinginezo. Usiuone kuwa pambo. Мать, yenye t laini, ni mama. Мат, yenye t ngumu, ni lugha ya matusi. Sambamba na hilo, jizuie kuchomeka irabu katikati ya konsonanti zinazofuatana, tabia ambayo Kiswahili kimetulea nayo.

Kwa aliye Dar es Salaam, Kituo cha Urusi cha Sayansi na Utamaduni kimekuwa kikiendesha madarasa ya lugha kwa miaka mingi, na ndicho pia mahali pa kuulizia nafasi za ufadhili. Aliye mbali anaweza kutumia masomo ya mtandaoni ya Taasisi ya Pushkin, ambayo yamepangwa kwa ngazi tangu ya mwanzo kabisa.

Hatua ya tatu: maombi, nyaraka na fedha

Serikali ya Urusi hutoa nafasi za masomo kwa wageni kila mwaka, na maombi hupitia tovuti ya education-in-russia.com inayosimamiwa na shirika la Rossotrudnichestvo. Ukipata nafasi hiyo, ada ya masomo hulipwa, pamoja na mwaka wa maandalizi ya lugha, na unapewa posho ndogo ya mwezi. Nauli ya ndege, bima ya afya na sehemu kubwa ya chakula chako ni juu yako. Familia nyingi husikia neno “ufadhili” na kudhani kila kitu kimelipwa. Kaeni pamoja mkapige hesabu ya mwaka mzima kabla ya kukata tiketi, mkikumbuka koti zito, viatu vya theluji na nguo za ndani za joto, vitu ambavyo ni bora kuvinunua hukohuko kuliko kubeba makoti mepesi ya kwetu.

Nyaraka zinazotakiwa kwa kawaida ni pasipoti yenye muda wa kutosha, vyeti vya shule na matokeo yake, tafsiri ya vyeti hivyo kwa Kirusi iliyothibitishwa, na cheti cha afya chenye kipimo cha VVU. Watanzania waombe pia cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Angalia sana jinsi jina lako linavyoandikwa kwa herufi za Kirusi katika tafsiri ya kwanza. Jina moja linaweza kuandikwa kwa njia mbili au tatu, na likitofautiana kati ya viza, cheti na kitambulisho cha chuo, utazunguka ofisi moja hadi nyingine kwa wiki nyingi. Chagua umbo moja, liandike kwenye karatasi, na uidai kila ofisi ilifuate.

Suala la fedha limekuwa gumu tangu Machi 2022, kampuni za Visa na Mastercard ziliposimamisha shughuli zake Urusi. Kadi ya benki ya nyumbani haifanyi kazi huko. Fika na fedha taslimu za kutosha miezi ya mwanzo, fungua akaunti katika benki ya Urusi mara usajili wako utakapokamilika, na uulize wanafunzi waliotangulia katika mji wako ni njia gani halali wanayopokelea fedha kutoka nyumbani kwa wakati huo, kwa kuwa njia hizo hubadilika.

Na liko jambo ambalo sitalipita kimya. Urusi iko vitani na Ukraine tangu Februari 2022. Januari 2023 Wizara ya Mambo ya Nje ya Tanzania ilithibitisha kifo cha kijana Mtanzania aliyekuwa amekwenda Urusi kusoma, akafungwa gerezani, na kutoka huko akaingizwa vitani na kufa. Kwa hiyo usisaini mkataba wowote usiouelewa neno kwa neno, usikubali kazi ya “mafunzo” ambayo haikutajwa katika barua ya chuo, usiache viza wala usajili wako uishe muda, na ujiandikishe ubalozini ufikapo. Mtu akikuahidi uraia au mshahara mnono kwa saini moja, ondoka. Mzazi anayesoma haya ana haki ya kusema tusubiri, na mwanafunzi anaweza kuanza lugha nyumbani bila kupoteza kitu.

Hatua ya nne: ukifika

Mpakani utapewa kadi ya uhamiaji, au taarifa zako zitachapwa humo; itunze pamoja na pasipoti. Chuo kinapaswa kukusajili katika mahali unapoishi ndani ya muda mfupi wa kisheria, kwa hiyo nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni siku ya kwanza ya kazi, hata kama umechoka na safari. Viza ya kwanza huwa ya miezi mitatu na ya kuingia mara moja; chuo ndicho huiongeza muda, na maombi ya kuongeza hupelekwa wiki kadhaa kabla haijaisha.

Bwenini utakutana na watu wawili muhimu. Komendant ndiye msimamizi wa jengo, anayegawa vyumba na mashuka. Vakhtyor ni yule mama au mzee anayekaa mlangoni na kuangalia vitambulisho. Msalimie vakhtyor kila unapopita. Nilijifunza sentensi zangu za kwanza za kweli kwa mama mmoja wa mlangoni ambaye kila asubuhi alinirekebisha mkazo wa neno la salamu здравствуйте (“zdravstvuyte”) hadi nikaliweza, na aliniambia kwamba herufi ya kwanza ya в ndani ya neno hilo haitamkwi kabisa.

Hatua ya tano: mwaka wa podfak, na vita ya mikia

Kitivo cha maandalizi huitwa podfak. Utakaa darasa dogo na wenzako kutoka nchi mbalimbali, na kwa waliochagua fani za kibinadamu masomo ya lugha huambatana na utangulizi wa fasihi na historia ya Urusi. Kipindi kimoja huitwa para, na kina dakika 90. Lengo la mwaka ni kufika ngazi ya kwanza ya mtihani wa serikali uitwao TRKI, ambayo ni sawa na ngazi ya B1 katika vipimo vya lugha vya Ulaya na inakadiriwa kuhitaji maneno yapatayo 2,300. Mtihani una sehemu tano: msamiati na sarufi, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kiwango cha kufaulu ni 66% katika kila sehemu. Bila ngazi hiyo, mwaka wa kwanza wa shahada hauendi.

Hapa ndipo mikia inapoanza kuuma. Nomino ya Kirusi ina maumbo sita kulingana na kazi yake katika sentensi. Wanafunzi wote huyaita padezhi, nami nitafanya hivyo. Kitabu ni “kniga”. Nasoma kitabu: “chitayu knigu”. Sina kitabu: “u menya net knigi”. Niko na kitabu: “s knigoy”. Kitabuni: “v knige”. Itazame hiyo ya mwisho, kwa kuwa hapo Kiswahili nacho kina mkia: -ni ya “kitabuni” inafanya kazi ileile ya kuonyesha mahali. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba tayari wana padezhi moja mdomoni, wamebakiwa na kuzijua ndugu zake.

Usikariri majedwali ya padezhi kama mtu anayekariri orodha ya bei. Chukua nomino tano za maisha yako, mathalani chumba, rafiki, mkate, simu na mwalimu, kisha kila siku tunga sentensi sita kwa kila moja, uzitamke kwa sauti, na ukazie silabi ya mwisho kwa makusudi hata kama Mrusi hazikazii. Baada ya miezi miwili sikio linaanza kusikia kasoro kabla akili haijaeleza sababu, kama vile sisi tunavyosikia kasoro katika “kitabu mkubwa” bila kufikiri ngeli.

Jinsia ni tatu: ya kiume, ya kike na ya kati, nazo mara nyingi hutambulika kwa mwisho wa neno. Mtu aliyelelewa na ngeli za Kiswahili hapaswi kulalamika juu ya jinsia tatu. Hesabu ndizo zinazoshangaza zaidi: mwanafunzi 1 ni “odin student”, 2, 3 na 4 hutaka “studenta”, 5 hadi 20 hutaka “studentov”, na ufikapo 21 unarudi “student” kana kwamba ni mmoja.

Vitenzi vya Kirusi huja kwa jozi, kimoja cha tendo linaloendelea au kujirudia, kingine cha tendo lililofika mwisho wake. Mfano nisioweza kuuacha ni wa mtihani. “Ya sdaval ekzamen” maana yake nilifanya mtihani, na haijasemwa kama nimefaulu. “Ya sdal ekzamen” maana yake nilifaulu. Mwenzangu mmoja alisimama mbele ya karani wa kitivo akiwa na furaha tele, akasema la kwanza akikusudia la pili, naye karani akamuuliza kwa upole ni lini atarudia. Kiswahili kinakusaidia hapa kuliko unavyofikiri: tofauti kati ya “nilikuwa nakisoma” na “nimekwisha kukisoma” iko jirani sana na tofauti kati ya “chital” na “prochital”. Angalia pia kwamba msichana atasema “ya sdala”, kwa sababu wakati uliopita hutaja jinsia ya mtenda, tena mkiani.

Vitenzi vya mwendo vinadai uvumilivu. “Naenda” yetu inagawanyika mara nne: “idu” ni naenda sasa kwa miguu, “khozhu” ni huenda na kurudi kwa miguu, “yedu” ni naenda sasa kwa chombo, “yezzhu” ni huenda mara kwa mara kwa chombo. Ukisema ukiwa Voronezh kwamba “idu” Moscow, umesema unatembea kwa miguu safari ya kilomita takriban 500.

Kwa upande wa faraja, kitenzi cha Kirusi hukua kwa kichwa kama chetu kinavyokua kwa mkia. Sisi kutoka pika tunapata pikia, pikwa, pikisha. Warusi kutoka “pisat”, kuandika, wanapata “podpisat”, kusaini, “perepisat”, kuandika upya, “zapisat”, kunukuu, “opisat”, kueleza sura ya kitu. Jifunze viambishi hivyo vya mwanzo kwa makundi, nawe utaongeza maneno kwa kasi kubwa. Tena Kirusi hakina vijineno vya kutambulisha nomino kama “the” ya Kiingereza au “le” ya Kifaransa, na “mimi mwanafunzi” ni “ya student”, bila kitenzi chochote katikati. Mwanafunzi anayetafsiri kutoka Kiswahili moja kwa moja hufika mapema kuliko anayepitia Kiingereza njiani.

Hatua ya sita: mihadhara na mitihani

Mwaka wa kwanza wa shahada utaketi na Warusi, na mhadhiri hatapunguza mwendo. Omba ruhusa ya kurekodi sauti, keti mbele, na utafute mwenzako mmoja mwenye mwandiko unaosomeka ulinganishe naye maandishi jioni ileile. Kila darasa lina starosta, kiongozi wa wanafunzi anayejua ratiba na mabadiliko yake. Kuwa karibu naye.

Mitihani huja mara mbili kwa mwaka, Januari na Juni, na kipindi hicho huitwa sessiya. Mitihani mingi ni ya mdomo. Juu ya meza ya mwalimu huwa kuna karatasi zilizogeuzwa uso chini, kila moja ikiwa na maswali mawili au matatu. Unachukua moja, inaitwa bilet, unapewa muda wa kujiandaa, kisha unajibu ana kwa ana. Maswali yote hutangazwa mapema, na hayo ndiyo maandalizi yako: andika jibu la kila swali kwa maneno yako mwenyewe, lisome kwa sauti mbele ya mwenzako, na umwombe akukatize kwa maswali kama mwalimu atakavyofanya. Alama ni 5 kwa bora sana, 4 kwa vizuri, 3 kwa wastani, na 2 ni kushindwa. Anayepata 5 katika angalau 75% ya masomo, asiwe na 3 yoyote, na akamaliza kwa 5 katika mitihani ya mwisho, hupewa diploma nyekundu, ambayo Mrusi yeyote huielewa mara moja.

Hatua ya saba: utamaduni uingie kupitia majina na mashairi

Mwalimu wa Kirusi haitwi “profesa” wala “madam”. Anaitwa kwa jina lake na jina la baba yake. Baba akiwa Ivan, mtoto wa kiume ni Ivanovich na wa kike ni Ivanovna. Ndiyo maana mshairi Pushkin ni Aleksandr Sergeyevich na mwandishi Chekhov ni Anton Pavlovich. Kwa mtu wa pwani hili si geni hata kidogo: Ali bin Salim na Mwanaisha binti Omari wamejengwa kwa mantiki hiyohiyo. Andika majina mawili ya kila mwalimu katika ukurasa wa kwanza wa daftari, uyakariri kabla ya wiki kwisha, na umwite kwa “vy”, umbo la heshima, hata akikutania. Shikamoo haina tafsiri huko, lakini kumtaja mtu kwa jina la baba yake kunabeba uzito unaokaribiana nayo.

Mambo ya nyumbani utayazoea haraka. Viatu huvuliwa mlangoni na mgeni hupewa ndara, kama kwetu. Maua huletwa kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, kwa kuwa idadi inayogawanyika ni ya msibani. Kumbuka hilo tarehe 1 Septemba, Siku ya Maarifa, wanafunzi wanapowapelekea walimu maua. Krismasi ya Kanisa la Orthodoksi ni tarehe 7 Januari, lakini sikukuu kubwa ya familia ni Mwaka Mpya.

Fasihi ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ninashauri uanze na ushairi kabla ya riwaya. Sababu yake ni ya kiufundi. Mshairi wa Kiswahili huhesabu mizani, nane kwa nane, na kupanga vina. Mshairi wa Kirusi naye huhesabu silabi na kupanga vina, ila kina chake huanzia kwenye irabu iliyokaziwa, na mkazo hurudi kwa mpangilio katika kila mstari. Kwa hiyo shairi linakuambia lenyewe mkazo uko wapi: ukikosea, mstari unachechemea na kina kinavunjika, na mtu aliyezoea kughani tenzi au shairi hulisikia hilo papo hapo. Chagua shairi fupi la Pushkin, mistari 8 inatosha, lisikilize likisomwa mara 20, kisha lighani mpaka litoke bila karatasi. Watoto wa Urusi hukariri mashairi shuleni, na ukianza mstari mmoja mbele ya mtu mzima, mara nyingi ataumalizia yeye.

Pushkin mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1799 na kufa mwaka 1837, alikuwa kitukuu wa Abram Gannibal, mtoto wa Kiafrika aliyepelekwa utumwani Istanbul, kisha akafikishwa kwa mfalme Peter Mkuu, akalelewa naye na hatimaye akawa jenerali na mhandisi wa jeshi. Wanahistoria wangali wanabishana kama alitoka upande wa Eritrea na Ethiopia au karibu na Ziwa Chad. Pushkin alijivunia asili hiyo na kuiandika. Tarehe ya kuzaliwa kwake, 6 Juni, huadhimishwa kama siku ya lugha ya Kirusi, na mwanafunzi wa Kiafrika akisimama siku hiyo kughani shairi, hadhira humsikiliza kwa namna ya pekee.

Baada ya ushairi, ingia kwenye hadithi fupi za Chekhov. Sentensi zake ni fupi, watu wake ni makarani, madaktari, wakulima na wanawake waliochoka, na maisha yao yanaeleweka bila maelezo marefu. Riwaya nene zisubiri mwaka wa tatu.

Hatua ya nane: fanya Kiswahili chako kiwe mtaji

Kiswahili kinafundishwa Urusi kwa muda mrefu. Dmitry Olderogge, msomi wa lugha za Kiafrika, alikisimamia Leningrad, ambayo leo ni St. Petersburg, na mwaka 1961 ilichapishwa kamusi ya Kiswahili na Kirusi chini ya uhariri wake. Leo kinasomeshwa katika Taasisi ya Nchi za Asia na Afrika ya Chuo Kikuu cha Serikali cha Moscow, iliyoko mtaa wa Mokhovaya karibu na Kremlin, na pia St. Petersburg. Kama uko katika mojawapo ya miji hiyo, watafute wanafunzi wake na mkubaliane: saa moja kwa Kiswahili, saa moja kwa Kirusi. Wao wanahitaji mtu wa kuwaonyesha ngeli zinavyotumika kinywani, na wewe unahitaji mtu wa kukukatiza kila unapomeza mkia. Kutoka katika mazungumzo kama hayo ndipo kazi ya tafsiri huanzia, na tafsiri ya moja kwa moja kati ya lugha hizi mbili, bila kupitia Kiingereza, bado inahitaji watu wengi.

Jipime tena katika TRKI unapokaribia kuhitimu. Ngazi ya pili ndiyo inayotazamiwa kwa mwenye shahada, na ya tatu kwa mwenye uzamili wa filolojia. Cheti hicho kichukuliwe kikiwa tofauti na diploma, kwani mwajiri wa nyumbani atakielewa kwa haraka zaidi.

Kabla ya kuondoka, hakikisha diploma yako imefuatana na kiambatisho chenye orodha ya masomo, saa na alama, na vyote viwili vitafsiriwe na kuthibitishwa ungali hukohuko, kwa jina lililoandikwa vilevile kama kwenye pasipoti. Ufikapo Tanzania vipeleke TCU vitathminiwe. Uganda vipeleke Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Kenya uliza mamlaka ya utambuzi wa sifa za nje. Nakala halisi usimwachie mtu, na barua ya kitivo yenye muhuri, inayoeleza kwamba lugha ya kufundishia ilikuwa Kirusi, iombe wiki ya mwisho, wakati karani bado anakukumbuka kwa jina.